Boti Iliyopandishwa Murara

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa na desturi ya kuja kwetu Murara, mtaa wa Goma, kila Jumapili baada ya misa, kukaa kwenye kiti cha kaka yake na kutueleza familia imeamua nini. Familia yenyewe sikuwahi kuiona ikikutana. Nadhani ilikutana kichwani mwake akiwa njiani anakuja kula.

Mume wangu alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulining'inia, mguu wa kulia aliuburuta, na mdomo ulivutwa upande mmoja hata maneno yakawa yanatoka mazito na machache. Akili ilibaki nzima, ila watu hawakutaka kuamini hilo. Walimsemesha kwa sauti kubwa kama kiziwi. Kwa miaka mingi alikuwa karani bandarini, pale boti za Minova na Bukavu zinapopakia watu na mizigo. Aliandika majina ya abiria, alikagua magunia, alifokea wapagazi. Sasa alikaa uani akitazama ukuta, na mtu akipiga hodi aliinuka taratibu akaingia nyuma ya pazia la chumba.

Mama yake anaishi upande wa Bukavu, katika kijiji cha ziwani mbele kidogo ya Minova. Nyonga zake zimechoka, hasafiri tena. Familia, yaani shemeji, iliamua asiambiwe kitu. Aliambiwa mwanawe ana kazi nyingi. Mwaka mmoja ukaisha hivyo, ukaingia wa pili. Kwenye simu mume wangu alikataa kusema, kwa sababu ya ulimi wake, na picha alikataa kupigwa. Shemeji akatafuta picha moja akamtumia mama. Mama akaitazama, akalitambua shati. Alikuwepo siku liliporaruka, miaka mingi nyuma, basi akajua picha ni ya zamani.

Basi Jumapili moja shemeji alikuja, akanawa mikono, akaanza kula, halafu akasema, kama mtu anayetaja bei ya sabuni, kwamba mama ameenda kwa katekista. Ameomba jina la mwanawe lisomwe katika misa ya marehemu, miezi miwili mbele.

"Anasema mutoto wake alikufa zamani, ni siye tuko tunamuficha," alisema. "Tumuache. Pengine ni vizuri, atalia mara moja amalize."

Nilitazama pazia la chumba. Lilitikisika kidogo, na hakuna aliyetoka. Nilijua amesikia kila neno.

"Tumupeleke basi," nikasema. "Amuone na macho yake."

"Kwa njia gani, shemeki? Route imekatwa. Na bateau, unajua mwenyewe."

Nilijua. Kwenye boti za abiria unapita juu ya ubao mwembamba, na asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni na wapagazi. Wapagazi wale wale. Mume wangu alikuwa ameshaniambia, neno moja moja: "Sitabebwa. Miye si gunia." Na alikuwa na haki.

"Njo vile," shemeji akasema, akivuta karibu yake sahani ya sombe, majani ya mihogo. "Tungoje Mungu."

"Ungoje weye," nikamwambia. "Miye niko na kazi."

Mimi ni Munande wa Butembo. Sisi tunajua milima, malori, maharagwe na viazi. Maji kwetu ni ya kunywa na kufulia. Nina depo ndogo ya maharagwe hapa Goma, na wakati huo nilikuwa pia na shamba la viazi Kibumba, nililolinunua kwa jasho langu. Kwetu mtu anayeuza shamba huulizwa kama ana wazimu au ana mgonjwa. Mimi nilikuwa na mgonjwa. Niliuza shamba, na dada zangu wakaninyamazia kwenye simu majuma mawili.

Boti niliipata Himbi, kwenye nyumba moja ya ziwani ambayo wenyewe walikuwa wamehama. Mlinzi ndiye aliyeachiwa kazi ya kuuza vitu vilivyobaki. Ilikuwa imeachwa chini ya miti ya maua, kuku wanataga ndani yake. Boti ndogo ya familia, ya kutembelea siku za Jumapili, watu wanne wakikaa vizuri, rangi ya samawati iliyopauka, mbao za kukalia zimelainika kwa mvua. Moteri yake ilikuwa stoo, imefungwa kwenye blanketi. Mlinzi alinisifia mambo mengi ambayo sikuyaelewa. Mimi nilisimama ubavuni mwa boti nikapima: ukingo ulinifika gotini. Hilo ndilo nililolitaka. Boti ndogo unaivuta mpaka mchangani, mtu anakaa juu ya ukingo kama anavyokaa kitandani, anageuza miguu, amekwisha kuingia. Hakuna ubao wala mgongo wa mtu.

Hapo ndipo Unande wangu uliponiponza. Mtu yeyote wa ziwani angeiacha boti majini, akamlipa mlinzi. Lakini mali ya Munande inalala kwa Munande. Nilitafuta chukudu mbili, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, moja mbele na moja nyuma, tukaifunga boti juu yake kwa kamba na kuisukuma kutoka Himbi hadi Murara, kupanda, katikati ya mji, mchana. Pikipiki zilisimama. Watu walitoka madukani. Mwanamke mmoja aliniuliza kama volkano imetangazwa na mimi ndiye Nuhu. Nilimjibu kwamba nafasi zimejaa.

Goma ukinunua kitu, hata kikuukuu namna gani, majirani hawakitambui mpaka ukiaroze. Unanunua vinywaji, watu wanakunywa, tone moja linamwagwa juu ya kitu chenyewe, ndipo kinakuwa chako. Nilileta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na soda. Ua ulijaa. Boti ilikaa juu ya mawe meusi ya lava, katikati ya kamba za nguo, na watu walikaa ndani yake kwa zamu wakipiga makasia hewani. Halafu wakaanza: "Mama, moteri. Tusikie sauti."

Ningekataa vipi? Jenereta unainunua baada ya kuisikia, pikipiki vilevile, hata mashine ya kusagia mihogo. Tuliifunga moteri kwenye gogo, nikatia esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na oili, nikavuta kamba. Mara ya nne ikaitika. Ua mzima ukapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza mwendo.

Wakati huo pazia likafunguka, mume wangu akatoka. Tangu augue hakuwahi kutoka mbele ya watu. Alikuja akiburuta mguu juu ya mawe, ameinua mkono wa kushoto, anasema kitu. Kelele ilikuwa kubwa. Nilidhani amefurahi. Nilimpungia mkono.

Alisema tena, na tena. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua, moteri ikakoroma, ikakaza, ikanyamaza. Katika ukimya ule sauti yake ndiyo iliyobaki, nzito, iliyochelewa:

"Maji. Nilisema... maji."

Moteri ya boti hupozwa na maji ya ziwa. Ukiiwasha pakavu unaiua. Hilo alilijua yeye peke yake katika ua ule, na ndiye peke yake ambaye hakusikika. Watu waliutazama mdomo wake. Kisha mzee mmoja nyuma kabisa akasema taratibu, "Banande banaua boti ku kilima," na kicheko kikapasuka. Mume wangu aligeuka akarudi ndani. Niliwaambia watu wamalize kasiksi yao waende, na waliondoka bado wanacheka.

Nilikaa ndani ya boti ile mpaka nguo kwenye kamba zikakauka. Nilikuwa na hasira na majirani, lakini hasira kubwa ilikuwa juu yangu. Mtu aliyejificha miezi yote ile alitoka mbele za watu kuniokoa, nami nikampungia mkono kama mtu aliye harusini.

Jumapili iliyofuata shemeji aliizunguka boti mara mbili, akigonga ubavu wake kwa kidole.

"Shemeki, hii ungetia mbuzi maji ya kunywa," akasema. "Tulikuambia."

Debe tupu haliachi kuvuma. Sikumpa chakula siku ile. Nilimwambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na kwamba kama hana mgongo wa kumbeba kaka yake, asinipimie wangu. Aliondoka amenuna, nami nikala nyama niliyokuwa nimeipika, peke yangu jikoni, yote.

Kesho yake niliita tena chukudu mbili. Boti ikashuka njia ile ile iliyopandia, mchana ule ule wa watu wengi, na mimi nilitangulia mbele kwa miguu nikiwa nimevaa kitenge changu cha sikukuu. Waliotaka kucheka nilitaka wapate nafasi ya kuniona vizuri. Tukafika Kituku, ufukweni mwa ziwa, kwa fundi wa moteri, mzee mwembamba mwenye vidole vitatu mkono mmoja. Alifungua moteri, akatoa kigurudumu kidogo cha mpira kilichokuwa kimeyeyuka, akakiinua juu kama jino lililong'olewa.

"Mama, moteri ya mu maji inakunywa na inakojoa," alisema. "Kila mara uangalie nyuma. Kama inakojoa, uende. Kama haikojoe, uzime mbio mbio. Iko kama mutoto."

Alitafuta kigurudumu kingine, akabadilisha gasketi, akasugua bujii ya kuwashia moto. Majuma matatu alinifundisha, kila asubuhi kabla sijafungua depo. Niligonga mawe. Nilizunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu. Usukani wa moteri ile ni fimbo ya nyuma: ukiisukuma kulia, boti inakwenda kushoto, na kila siku nililisahau hilo katika sekunde ile ile ya kulihitaji. Fundi alitaka nikae upande wa kulia nishike fimbo kwa mkono wa kushoto. Nilikataa. Nimelelewa kwamba mkono wa kushoto haupewi kazi ya heshima. Nilishika kwa mkono wa kulia, nimejipinda shingo, na wavuvi wakawa wanakuja mapema ili wanitazame. Nilijifunza hivyo hivyo, mbele yao.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa nyumbani. Tangu siku ile ya ua, mume wangu alikuwa hata uani hatoki. Nilipomwambia boti iko tayari, alitikisa kichwa. Nilimwambia tena kesho yake. Siku ya tatu nilishindwa kujizuia.

"Papa, sikia," nikasema. "Jumapili hii padri atasoma jina lako pamoja na ya bale balishakufa. Mama yako atapiga magoti akuombee upumuziko wa milele. Na weye uko hapa, unakunywa chai. Kama unataka kuwa marehemu, sema, niache kukupikia."

Alizungusha kikombe chake mezani. Chai ikapoa. Nilidhani nimevunja kitu ambacho sitaweza kukitengeneza, na nilikuwa natafuta namna ya kuomba msamaha bila kuuomba.

"Inakojoa?" akauliza.

"Inakojoa muzuri."

"Ulete... bilato."

Nikamletea viatu.

Tuliondoka Jumamosi, mapema, kabla upepo haujaamka. Sikumpeleka bandarini. Fundi alikuwa ameileta boti kwenye kipande cha mchanga ambapo wanawake hufua, ameivuta nchi kavu nusu yake. Teksi ilitufikisha hatua kumi. Mume wangu alitembea hatua hizo kumi kwa mguu wake na fimbo yake, akakaa juu ya ukingo, akainua mguu mbovu kwa mkono mzima, akageuka. Akawa ndani. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha povu, wakaja wakasukuma pamoja nasi bila kuulizwa, na hakuna aliyesema neno juu ya mdomo wake. Nilimvalisha jile ya kuokolea. Nikavuta kamba, moteri ikaitika, nikaangalia nyuma: inakojoa.

Saa nzima mambo yalikwenda. Alikaa benchi la katikati akitazama maji, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko nilivyouona tangu augue. Kisha tulipofika mlangoni pa ghuba ya Kabuno upepo ukatoka pembeni, mawimbi yakaanza kugonga ubavu, na moteri ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nilivuta kamba. Nikavuta tena. Niliangalia bidoni, esansi ipo. Boti ikajigeuza ubavu, maji yakaingia miguuni mwetu, na mimi nilivuta na kutukana, nikavuta na kuomba, mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Niliona kwa macho yangu jina likisomwa kweli, majina mawili. Nilikuwa nimemtoa nyumbani akiwa salama ili nikamzamishe.

"Pumuzi," akasema.

"Nini?"

"Bidoni. Inakosa... pumuzi."

Juu ya kifuniko cha bidoni kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Nilikuwa nimeifunga nilipoibeba garini, nikasahau kuifungua. Nilifungua, bidoni ikavuta hewa kwa sauti, nikabana mpira wa esansi kama nilivyofundishwa, nikavuta kamba. Ikaitika. Safari hii nilikuwa nimemsikia, na nilitaka kumwambia hivyo, lakini wimbi likanijaza mdomo.

Niliigeuza boti vibaya, kulia badala ya kushoto, na wimbi la pili likatunyanyua. Nilipotazama tena alikuwa ameshaanza kujisogeza nyuma, akijivuta kwa makalio juu ya benchi kuja kwangu, na amenyoosha mkono.

"Leta."

"Hapana, papa. Kaa chini."

"Ile ni kazi ya mukono wa kushoto," akasema, sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwaka ule. "Huo niko nao."

Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa. Nilimpa. Nilitambaa kwa magoti mpaka mbele, uzito wangu ukaikalisha boti pua chini, naye akakaa upande wa kulia, fimbo chini ya kwapa la kushoto, kama fundi alivyokuwa akinionyesha bure majuma matatu. Hakushindana na mawimbi. Aliyakata kwa pembeni, akipunguza, akiongeza, macho yakiwa mbali. Miaka yote ile niliyemfahamu ni karani wa kalamu na mihuri, nikasahau kwamba alizaliwa ukingoni mwa maji haya. Nilikaa mbele nimemtazama yeye badala ya kutazama ninakokwenda.

Tulipokaribia kijiji watoto walikimbia juu kwenye nyumba. Tulipoingia kwenye maji ya kina kifupi, mama mkwe alikuwa ameshateremka na fimbo yake, amesimama ndani ya ziwa, kitenge kimelowa mpaka magotini. Watu walikuwa nyuma yake. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mume wangu alizima moteri mwenyewe, akainyanyua, na boti ikateleza mpaka ikagusa mchanga karibu na miguu ya mama yake.

Mama alisogea mpaka kwenye ukingo wa boti. Aliweka kiganja kwenye shavu lake, akashuka mpaka kwenye mdomo uliopinda, akaupapasa kwa kidole gumba, polepole, kisha akaushika mkono uliokufa akaupima uzito wake.

"Njo hivi tu?" akasema. "Njo hivi tu balikuwa banakufichia?"

"Njo hivi, mama."

"Nani amekuleta?"

Alimtazama mama yake, halafu akatazama fimbo ya moteri.

"Nimejileta," akasema. "Miye mwenyewe."

Mama mkwe akanigeukia. Nilikuwa nimelowa chapachapa, viganja vinatoka damu, nguo zinanuka esansi, kilemba kimebaki huko Kabuno. Shamba langu la Kibumba lilikuwa linapandwa viazi na mtu mwingine. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Na weye?"

Wanaonijua watawaambia kwamba sijawahi kumwachia mtu sifa yangu, hata ya kupika ugali. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Mume wangu hakunitazama. Alikuwa anageuza miguu yake, mmoja kwa mkono, ashuke.

"Miye nimemusindikiza tu, mama," nikasema.

Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Nimekwenda kuungama mara nyingi tangu siku ile, na huo sijautaja, wala sina nia ya kuutaja.